Kuchagua Springi ya Shoki ya Nyuma ya Pikipiki: Mwongozo Kamili wa Kupima Kabla ya Kununua

Kosa ninalolikuta mara kwa mara miongoni mwa wapanda pikipiki wa Nairobi ni hili: sehemu ya nyuma inalegea na kugonga mwisho kwenye kila tuta, nao wanakaza ringi ya shoki, ile inayozungushwa ili kuibana springi, hadi pasibaki hesi ya kukazia. Kwa siku mbili tatu wanaona afadhali. Baadaye pikipiki inaanza kumrusha mpanda kwenye mashimo madogo, ilhali kwenye tuta kubwa inagonga vilevile. Ndipo wanapokwenda Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan, wakaomba "springi ngumu", wakapewa iliyo nene kuliko zote dukani, na tatizo likageuka sura bila kuisha.

Chanzo cha haya yote ni imani kwamba kukaza springi kunaifanya iwe ngumu zaidi. Springi iliyosokotwa kwa nafasi sawa yenye ugumu wa newtoni 80 kwa milimita hubaki ya 80 hata ukiikaza milimita 20. Kinachobadilika ni kimo cha pikipiki na nguvu inayohitajika kabla springi haijaanza kubonyea. Ugumu hubadilika kwa kubadilisha springi, na springi mpya huchaguliwa kwa vipimo ambavyo mtu yeyote mwenye tepu na wasaidizi wawili anaweza kuvipata uani kwake.

Vifaa vinavyohitajika

Viandae vyote kabla ya kuanza, kwa sababu kipimo kinachokatizwa katikati huwa hakiaminiki.

- Tepu ya kupimia ya chuma. Ya kitambaa hurefuka ikivutwa na kudanganya.
- Kalipa ya kupimia unene wa waya na kipenyo cha springi.
- Tepu ya kubandika, kalamu na daftari.
- Wasaidizi wawili: mmoja wa kushikilia pikipiki wima, mwingine wa kusoma kipimo.
- Spana ya ndoano inayoingia kwenye ringi ya shoki yako.
- Kibanio cha springi kilicho imara, cha kwako au cha karakana.
- Spana ya toki, pamoja na kitabu cha pikipiki kinachoonyesha toki, yaani nguvu ya kukazia, ya bolti za shoki.
- Mizani ya kupimia uzito wa mwili, inayofika kilo 150.
- Mavazi yako yote ya safari: helmeti, jaketi, buti na begi unalobeba kila siku.

Maneno manne ya kushika

Ugumu ni nguvu inayohitajika kuibonyeza springi milimita moja. Mkandamizo wa awali ni milimita ambazo springi imefupishwa na ringi kabla pikipiki haijabeba chochote. Mzamo wa pikipiki tupu ni kiasi ambacho sehemu ya nyuma inashuka kwa uzito wa pikipiki yenyewe. Mzamo wa mpanda ni kiasi inachoshuka mpanda akiwa amekaa na mzigo wake. Mizamo yote miwili huhesabiwa kuanzia pale gurudumu lilipokuwa likining'inia hewani.

Hatua ya 1: Hakikisha shoki ni nzima

Futa vumbi kwenye nondo ya shoki na uikague kwa tochi. Ukiona mafuta, sili imekufa, na hakuna springi itakayoponya shoki isiyo na mafuta. Kagua bushi za juu na za chini, kisha shika gurudumu likiwa hewani na ulisukume kando ili kujua kama mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, unacheza. Kwenye pikipiki yenye shoki moja na viungo vya chini, fungua viungo hivyo na uvipake grisi, kwa kuwa vumbi na matope ya barabara zetu za murram hukausha beringi zake mapema. Beringi iliyokwama huzuia pikipiki kuzama, nawe ukadhani springi ni ngumu.

Tahadhari: shoki nyingi za kisasa zina gesi ya nitrojeni yenye shinikizo kubwa. Usiitoboe, usiichomelee, na usimruhusu fundi asiye na vifaa vya kujaza gesi kuifungua.

Umefaulu ikiwa sehemu ya nyuma inashuka na kupanda bila mlio, bila kukwama na bila kucheza kando.

Hatua ya 2: Amua uzito utakaoupimia

Jipime na mavazi yako yote kwenye mizani. Kilo zinazoongezwa na helmeti, jaketi, buti na begi zinatosha kuyumbisha vipimo vyote vinavyofuata.

Swali gumu ni la abiria. Anayebeba abiria mara moja kwa mwezi achague springi ya uzito wake mwenyewe, kisha akaze ringi siku ya abiria. Mwendesha bodaboda anayeshinda na abiria kutwa nzima apime akiwa na abiria nyuma, na akubali kwamba pikipiki itakuwa ngumu kidogo anaporudi nyumbani peke yake. Springi inayowafaa wote wawili kwa kiwango kimoja haipo, na muuzaji anayekuahidi hivyo anataka tu kumaliza mauzo.

Hatua ya 3: Pima mara tatu

Bandika kipande cha tepu kwenye fremu au kwenye mkia wa pikipiki, wima juu ya ekseli ya nyuma, na uweke alama ya kalamu. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye alama hiyo. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu utakuwa umepima na kubonyea kwa tairi.

Kipimo cha kwanza: inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie hewani na shoki iwe imenyooka kabisa. Stendi ya katikati inafaa. Stendi inayoinua kwa kushika mkono wa nyuma haifai, kwa sababu uzito unabaki juu ya shoki.

Kipimo cha pili: shusha pikipiki, msaidizi aishike wima, mpanda akiwa chini.

Kipimo cha tatu: panda ukiwa na mavazi yote, miguu yote miwili juu ya pedali za kukanyagia, katika mkao wako wa kawaida. Wengi huacha mguu mmoja ardhini na kupoteza kilo kadhaa bila kujua.

Msuguano wa sili na viungo hufanya pikipiki isimame mahali tofauti kila mara. Kwa hiyo, katika kipimo cha pili na cha tatu, bonyeza sehemu ya nyuma na uiachie ipande polepole, kisha usome. Halafu inyanyue kidogo na uiachie ishuke polepole, usome tena. Wastani wa namba hizo mbili ndio ukweli. Tofauti ikizidi milimita 8 hivi, rudi hatua ya kwanza, kuna kitu kinachokwama.

Mzamo wa pikipiki tupu ni kipimo cha kwanza ukitoa cha pili. Mzamo wa mpanda ni cha kwanza ukitoa cha tatu.

Hatua ya 4: Soma namba mbili kwa pamoja

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na naomba usomaji wa polepole.

Kwa pikipiki ya barabarani, mzamo wa mpanda unafaa uwe kati ya asilimia 25 na 33 ya mwendo wote wa gurudumu, yaani umbali linaoweza kusafiri juu na chini, ambao kitabu cha pikipiki hukutajia. Kwa nyingi hiyo ni milimita 30 hadi 45. Mzamo wa pikipiki tupu unafaa uwe kama milimita 5 hadi 15. Pikipiki za uwanja wa matope zenye mwendo unaokaribia milimita 300 huzama zaidi: karibu milimita 100 na mpanda, na 30 hadi 40 zikiwa tupu.

Kwanza rekebisha ringi hadi mzamo wa mpanda uingie kwenye kiwango. Kisha, bila kugusa ringi tena, tazama mzamo wa pikipiki tupu.

Mzamo wa pikipiki tupu ukiwa mdogo mno, au haupo kabisa, springi ni laini kuliko inavyotakiwa. Najua jambo hili linaonekana kinyume. Fikiri hivi: springi laini ilihitaji kukazwa sana ndipo ikubebe, na sasa mkandamizo huo ni mkubwa kiasi kwamba uzito wa pikipiki peke yake hauwezi kuisukuma. Gurudumu linakosa nafasi ya kushuka kwenye shimo, linaelea, na sehemu ya nyuma inaruka. Mpanda anahisi ugumu na kuomba springi laini zaidi, kumbe anahitaji ngumu.

Mzamo wa pikipiki tupu ukizidi kiwango, springi ni ngumu kuliko inavyotakiwa, kwa kuwa ulilazimika kuilegeza mno ndipo izame chini yako.

Mizamo yote miwili ikiwa ndani ya kiwango, springi yako inafaa. Usinunue nyingine. Kama safari bado ni mbaya, shida iko kwenye mafuta ya shoki au kwenye tairi.

Hatua ya 5: Jua ugumu wa springi uliyo nayo

Soma maandishi kwenye springi. Springi nyingi za kununuliwa peke yake huandikwa ugumu kwa newtoni kwa milimita, kwa kilo kwa milimita, au kwa ratili kwa inchi. Kilo moja kwa milimita ni newtoni 9.81, na newtoni moja kwa milimita ni ratili 5.71 kwa inchi. Springi ya 95 kwa newtoni, kwa mfano, ni karibu 9.7 kwa kilo na 542 kwa ratili. Ukichanganya vipimo hivi dukani utarudi nyumbani na chuma kisichokuhusu. Rangi nayo isikudanganye: kila kiwanda kina mpango wake wa rangi, na nyekundu ya huyu si nyekundu ya yule.

Pasipo maandishi, piga hesabu kwa kalipa. Pima unene wa waya, kipenyo cha kati cha springi (kipenyo cha nje ukitoa unene mmoja wa waya), na uhesabu mizunguko inayofanya kazi, bila kuhesabu ile ya mwisho iliyolala bapa. Ugumu ni 79,000 mara unene wa waya ukizidishwa wenyewe mara nne, gawanya kwa 8 mara kipenyo cha kati kikizidishwa chenyewe mara tatu, mara idadi ya mizunguko. Waya wa milimita 12, kipenyo cha 70 na mizunguko 6 hutoa newtoni 99.5 kwa milimita. Badilisha waya uwe wa milimita 13 bila kugusa kingine, na jibu linapanda hadi 137. Milimita moja tu! Ndiyo sababu kuchagua springi kwa kutazama unene kwa macho ni kubahatisha, na ndiyo sababu rangi iliyopakwa juu ya waya lazima ikwanguliwe kidogo kabla ya kupima.

Karakana nyingi zina mashine ya kubonyeza ya jeki. Weka mizani chini ya springi na bamba la chuma katikati, bonyeza milimita 5 ili springi ikae, soma kilo, bonyeza milimita 10 zaidi, soma tena. Tofauti ya kilo gawanya kwa 10 ndiyo ugumu kwa kilo kwa milimita. Simama kando, usisimame mbele yake, na uzungushie springi kizuizi, kwani ikichomoka huumiza vibaya.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya springi mpya

Unahitaji uwiano wa mwendo, yaani gurudumu husafiri milimita ngapi shoki inapobonyea milimita moja. Pima urefu wa shoki kutoka bolti ya juu hadi ya chini gurudumu likiwa hewani, na tena mpanda akiwa amekaa. Gawanya mzamo wa mpanda kwa upungufu wa urefu huo. Shoki moja ya katikati mara nyingi hutoa 2 hadi 3. Shoki mbili za kando hukaribia 1.

Unahitaji pia mkandamizo wa awali ulio nao sasa: urefu wa springi ikiwa huru, ukitoa urefu wake ikiwa imefungwa kwenye shoki iliyonyooka.

Chukua pikipiki yenye mwendo wa gurudumu wa milimita 150, uwiano wa 2.5 na springi ya newtoni 80 iliyokazwa milimita 20. Mzamo wa mpanda ni 40, ambao uko ndani ya kiwango, lakini mzamo wa pikipiki tupu ni 2 tu. Kwa mujibu wa hatua ya 4, springi hii ni laini.

Mpanda akiwa amekaa, springi imefupishwa milimita 20 za ringi na 16 za mzamo (40 gawanya kwa 2.5), jumla 36. Mara 80, inabeba newtoni 2,880. Nguvu hiyo haitabadilika, kwa kuwa mpanda na pikipiki ni wale wale. Sasa tunataka mzamo wa 45, ambao ni asilimia 30 ya mwendo, na mkandamizo wa 12. Hiyo ni 12 na 18, jumla 30. Newtoni 2,880 gawanya kwa 30 ni 96. Tafuta springi ya 95.

Hakiki upande wa pili kabla ya kutoa pesa. Pikipiki tupu ilikuwa ikiibonyeza springi ya zamani milimita 20.8, yaani newtoni 1,664. Gawanya kwa 95 upate 17.5, toa 12 ibaki 5.5, zidisha kwa 2.5 upate karibu milimita 14. Mizamo yote miwili imeingia kwenye kiwango, na hiyo ndiyo dalili kwamba hesabu imekamilika.

Kwenye pikipiki za shoki mbili, kama zile za bodaboda, springi mbili hugawana mzigo: mbili za newtoni 20 hufanya kazi kama moja ya 40. Nunua jozi daima. Springi moja mpya na moja iliyochoka hupinda mkono wa nyuma kidogo kidogo, na pikipiki huvuta upande mmoja unapofunga breki. Nyingi kati yake zimesokotwa kwa nafasi zisizo sawa ili ziwe ngumu kadiri zinavyobonyea, hivyo hesabu ya hapo juu huwa ya kukadiria tu na mizamo miwili ndiyo hukumu.

Hatua ya 7: Dukani

Nenda na springi ya zamani mkononi. Mbali na ugumu, kuna masharti mengine manne.

Kipenyo cha ndani lazima kilingane na vikombe vya shoki. Springi inayocheza milimita mbili itasugua mwili wa shoki hadi itoboe rangi na kuanza kula chuma.

Urefu ukiwa huru uruhusu ringi kufikia mkandamizo uliokokotoa ikiwa katikati ya hesi, si mwisho wake.

Mwendo wa springi lazima uzidi mwendo wa shoki. Zidisha mizunguko yote kwa unene wa waya, utoe jibu kwenye urefu. Springi ya urefu wa 200, mizunguko 8 na waya wa 12 hubaki na 104 za kubonyea. Shoki yenye mwendo wa 60 na mkandamizo wa 12 inahitaji 72, kwa hiyo ni salama. Mizunguko ikigusana kabla ya shoki kufika mwisho, mshtuko wote huenda kwenye fremu na bolti.

La nne ni afya ya chuma. Kataa springi yenye ufa, kutu iliyochimba, au alama ya moto. Kataa pia iliyokatwa mzunguko. Ni kweli kwamba kukata mzunguko huongeza ugumu, lakini mwisho uliokatwa haukai bapa, hivyo shoki husukumwa kando na kupinda nondo. Na springi iliyopashwa moto ili ikunjwe upya imepoteza uwezo wake wa kurudi. Itaendelea kufupika kila wiki. Najua mafundi wa jua kali wenye mikono ya ajabu, wanaotengeneza vitu ambavyo viwanda vimeshindwa, lakini kwa hili nakusihi usikubali.

Hatua ya 8: Kufunga

Tegemeza pikipiki kwenye fremu, gurudumu la nyuma likiwa huru. Andika mahali ringi ilipokuwa. Toa shoki, legeza ringi hadi mwisho, kisha tumia kibanio pande zote mbili sawasawa mpaka kishikizo cha springi kitoke. Ukiona kibanio kinateleza, legeza na uanze upya. Usiweke uso wala vidole kwenye mstari wa springi. Asiye na kibanio halisi aipeleke shoki karakana. Kamba na nguvu za vijana wawili si mbadala.

Rudisha, hakikisha kishikizo kimekaa kwenye mfuo wake kote, kaza ringi kwa mkandamizo uliokokotoa, na ufunge bolti kwa toki ya kitabu.

Hatua ya 9: Pima tena, kisha ujaribu

Rudia hatua ya 3 yote. Mizamo ikitofautiana na hesabu kwa milimita mbili tatu, ringi itamaliza kazi: mzunguko unaokaza milimita moja hupunguza mzamo kwa kiasi cha uwiano wako, yaani milimita 2.5 katika mfano wetu.

Springi ngumu zaidi hurudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo skrubu ya kudhibiti mrejeo, kama shoki yako inayo, itahitaji kukazwa kidogo. Bonyeza kiti kwa nguvu na uachie. Sehemu ya nyuma inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ikiyumba mara ya pili, kaza. Ikipanda kwa kuvuta miguu, legeza.

Sehemu ya nyuma ikiwa imepanda, mambo mawili hubadilika. Mwanga wa taa ya mbele hushuka, nao mnyororo hubadilika ulegevu. Pima mnyororo ukiwa umekazika kuliko wakati wote, yaani mpanda akiwa amekaa hadi ekseli, egemeo la mkono wa nyuma na sproketi ya mbele ziwe kwenye mstari mmoja. Hata hapo lazima ubaki na ulegevu kidogo.

Funga kamba ndogo ya plastiki kwenye nondo ya shoki, uisukume hadi kwenye sili, na uende safari. Barabara ya Magadi inafaa sana kwa jaribio hili: matuta ya Kiserian, kona za kuteremka baada ya Corner Baridi, kisha lami ndefu yenye viraka. Ukirudi, tazama kamba ilipofika. Ikiwa imebakiza milimita 5 hadi 10 za nondo baada ya tuta baya kuliko yote, springi imekufaa. Ikiwa imefika mwisho huku mizamo iko sawa, muulize fundi kuhusu mafuta na gesi ya shoki kabla ya kufikiria springi nyingine. Ikiwa imeishia nusu, kuna uwezekano ulijipima ukiwa na begi ambalo leo umeliacha nyumbani.

Baada ya kilomita 500, pima mizamo tena na uiandike kando ya ile ya kwanza. Springi nzuri huwa imekaa mahali pake na kuongeza mzamo kwa milimita moja au mbili tu. Ikiwa imeongeza zaidi ya tano, irudishe dukani pamoja na daftari lako.